Mabati ya Kasongo

Kamina, Jumanne

Hakuna mwizi aliyeingia chumbani mwangu. Mabati ya mjukuu wangu Kasongo niliyauza mimi, na nimelificha jambo hilo miaka miwili.

Alinunua bati moja kila alipolipwa, kwa sababu faranga zikikaa zinapoteza nguvu, akayaegemeza ukutani kwangu. Yalifika ishirini na manne. Mfanyabiashara mmoja wa sokoni akaniapia kwamba bei itashuka kabla ya mvua. Mimi, mwalimu wa hesabu, nikamwuzia yote, nikitaka kumnunulia Kasongo mengi zaidi bei ikishuka. Bei ikapanda, ikaendelea kupanda. Yule mtu alinisaliti, na faranga zikanisaliti. Ndivyo nilivyozoea kujiambia.

Leo Kasongo alikuja na mkewe. Wamepata nyumba ndogo ya kununua, kuta tu, haina paa.

"Kambo, mzee wangu, bati moja leo iko na bei ya mbili za zamani," alisema. "Ile nyumba tunaiacha. Tutapanga mpaka tuzeeke kama weye!"

Mkewe alicheka. Kasongo hakucheka.

Nikamwuliza habari za mdogo wake, Ngoy.

"Ule mwizi? Minyi sina mudogo."

Tangu hapo kifua kimenibana. Kesho padri ataniletea komunyo, na ninaogopa kufa kabla ya...

Kasongo hakuwahi kumshuku ndugu yake. Siku alipokuta mabati hayapo aliniuliza nani aliingia chumbani, nami nikamjibu: Ngoy.