Moses Hakufa Kapera

Mdogo wangu Moses,

Huko uliko hakuna posta, najua, na hata ingekuwepo, mimi na wewe hatukuwa watu wa barua. Tulikuwa watu wa kupigiana simu na kugombana. Basi hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu nililokufanyia nililifanya mbele ya watu, na sioni haki ya kukuomba radhi chemba.

Unakumbuka ulivyofika Johannesburg? Nilikuwa na chumba kimoja Bellevue, katika ile nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba mpaka sebule ikawa na wapangaji watatu. Ulikuja na masanduku mawili na shahada yako ya kompyuta. Nikakuonya kuhusu kila kitu: usitembee na simu mkononi, usivuke kabla robot, taa ya barabarani, haijawaka kijani, usimwamini kila anayekuita kaka. Kuhusu mapenzi sikukuonya, nilidhani nakujua. Mwaka wa tatu ukahamia Rosettenville kwa Patrice, fundi cherehani wa Bukavu, ambaye ulimtambulisha kwangu kama rafiki mnayechangiana kodi. Nami nikala sombe yake, kisamvu cha kwao, Jumapili baada ya Jumapili bila kuuliza kwa nini chumba cha pili kilikuwa na vitambaa na mashine tu, bila kitanda.

Uliponiambia, nilikasirika. Siwezi kukudanganya sasa. Nilikwambia utamuua mama, na mengine ambayo sitayarudia hapa. Ukaniacha niseme mpaka nikachoka, ukanimiminia chai, kisha ukaniomba niwe shahidi wa ndoa yenu. Sheria ya hapa inataka mashahidi wawili, ukasema, na wa kwanza ni binamu yake Patrice. Ulisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba kuazimwa mwavuli. Nilikunywa ile chai yote kabla sijakubali.

Siku ya kwanza, kwenye ofisi ya kufungisha ndoa, tulirudishwa. Yule bwana wa dirishani alisema afisa anayefungisha watu wa namna yenu yuko likizo, turudi Alhamisi. Wewe ulikuwa umeshaanza kukunja karatasi zako. Mimi ndiye niliyewaka, si unanijua, nikamwambia nimeacha wanafunzi sitini chuoni bila mwalimu wa takwimu, na kwamba sheria haiendi likizo. Haikusaidia kitu, ila ulicheka njia nzima. Alhamisi tukarudi. Akina mama wa ushirika wetu wa sala wa Wakenya nilikuwa nimewaambia nakwenda kung'oa jino.

Nilitia sahihi bila kusitasita, na nilijisifu kwa hilo. Lakini ulipoita watu wapige picha, niliinyakua simu nikasema mpiga picha ni mimi. Katika picha zote za harusi yako simo. Wewe hukuwa mtu wa kupitwa na jambo. Tulipokaa kula kuku wa Wareno pale mtaani kwenu, ukanisogezea pilipili na kuniambia, "Dada, sikuombi unitetee. Siku ukiulizwa, sema tu."

Nikakuuliza nani ataniuliza mimi. Nikaendelea kula.

Mkaishi miaka minne. Ushirika ulikufahamu kama yule ndugu yake Esta asiyetaka kuoa, na kila Krismasi kulikuwa na mwalimu au muuguzi aliyeletwa akae karibu nawe mezani. Ulikuwa unawachekesha wote. Mimi nilikuwa nacheka pia, kisha nikirudi nyumbani naumwa kichwa.

Presha ilikuangusha Jumanne, ukiwa unajiandaa kwenda kazini. Patrice alikukuta sakafuni bafuni. Hospitalini walimuuliza yeye ni nani wako, akasema mume, karani akaandika mume, akaendelea na swali linalofuata. Ilikuwa rahisi hivyo. Kwa siku mbili ulizobaki hai, hakuna mtu katika jengo lile aliyemwambia atoke nje.

Ulipokata roho ndipo ndugu walipoanza kupiga simu. Baba mdogo Eliya alitaka mwili uletwe nyumbani. Wanaume watatu wa ushirika walikuja Rosettenville, wakasali, wakanywa chai aliyopika Patrice, wakamshukuru kwa kumhifadhi marehemu vizuri. Alikuwa amevaa suruali yako. Mimi niliijua, wao hawakuijua.

Patrice alitaka uzikwe hapa, mahali anapoweza kuja Jumapili na maua. Sheria ilikuwa upande wake, na baba mdogo alikwisha kuarifiwa kwamba bila sahihi ya huyo mtu mwili hautoki, na sababu hakuiuliza. Nikatumwa mimi. Nilikwenda nikakaa kwenye kiti chako, nikamweleza kuhusu mama, miaka yake, miguu yake isiyoweza safari, na kwamba mzazi asipoona jeneza la mwanawe hatulii. Yote yalikuwa kweli. Ndiyo maana yaliuma.

"Dada, miye niko na karatasi," aliniambia. "Wao wako na nini?"

Nikamwambia wana kaburi la baba. Alikunja na kukunjua kitambaa cha mteja. Kisha akauliza kama kwetu watakapouliza marehemu ameacha nani, nitasema. Nilikuwa nimemweleza desturi ile mimi mwenyewe, siku za nyuma, kwa maringo. Nikamjibu nitasema. Akatia sahihi palepale, juu ya meza ya kukatia nguo.

Wewe unaijua desturi yetu, lakini nawaelezea wanaosoma. Kwa ukoo wetu, kabla jeneza halijafungwa, mzee husimama na kuuliza mara tatu kama marehemu ana mtu wake ambaye sisi hatumjui, ajitokeze. Haulizi kwa ugomvi. Anauliza kwa sababu kumzika mtu huku mtu wake amefichwa ni kumdhulumu maiti. Tulikuwa wadogo wakati mwanamke wa Nakuru aliposimama na watoto wawili kwenye mazishi ya mjomba Daudi. Mke mkubwa alisogea bila kumtazama, akaletewa kiti, na mambo yakaendelea. Aliyeacha mtu huzikwa mbele ya nyumba, kulia kwa mlango. Kapera huzikwa nyuma, kando ya ua. Nilikuwa nikijivunia desturi hiyo kuliko mambo mengi ya kwetu. Nilikuwa nasema watu wetu wana roho pana.

Mazishi yalirushwa mtandaoni kwa ajili ya ndugu walio mbali. Kijisimu kilifungwa kwenye mti wa turubai, kikitutazama sisi wafiwa wa mstari wa mbele. Nilijua Patrice yuko upande wa pili. Nilikuwa nimevaa gauni jeusi alilonishonea yeye.

Baba mdogo akauliza mara ya kwanza. Nikasema moyoni, ngoja ya pili. Akauliza mara ya pili. Niliweka miguu sawa ili nisimame, na hapo mama akanishika mkono. Hakunibana, Moses. Alinishika kama anavyoshika kikombe cha moto, kwa vidole tu, na hakugeuka. Nikaelewa kwamba anajua. Sijui tangu lini, sijui nani alimwambia, au kama mama huhitaji kuambiwa. Aliyajua yote na alikuwa ananiomba.

Mara ya tatu ilipita nikiwa nimekaa. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na nilikuwa shahidi halali wa serikali, na nilikaa.

"Basi alikuwa peke yake," akasema baba mdogo, na msomaji wa wasifu akasoma kwamba hukujaliwa mke wala mtoto. Ukapelekwa nyuma.

Niliporudi Johannesburg nilikuwa nimeandaa uongo. Nilikusudia kumwambia Patrice kwamba mtandao wa kwetu ni mbovu, kwamba huenda ulikatika sehemu ile muhimu, kwamba nilisema. Ndani ya ndege niliufanyia mazoezi. Alifungua mlango, akanipokea begi, akaniwekea chakula kama zamani. Nikaanza kuuliza picha zilifika vizuri au zilikuwa zinakwama.

"Pale kwa swali miye nilizani imekwama," alisema. "Ulikuwa hauchezi hata kidogo. Nikaangalia nyuma yako, kwa migomba. Majani ilikuwa inatikisika."

Hakunitukana, na ningependa sana anitukane. Nilikula chakula chote kwa sababu sikujua kufanya kingine, nikaosha sahani, nikaondoka.

Moses, nimejilaumu mpaka kulaumu kumekuwa mazoea, na mazoea hayaumi tena inavyotakiwa. Kwa hiyo nisikilize nisemavyo kwa akili yangu tulivu. Nimeishi nchi ambayo sheria ilikufungulia mlango, na nimelelewa na ukoo unaompa kiti hata mke wa siri. Hakuna aliyenifunga mdomo. Sikuogopa kifungo wala kipigo. Niliogopa kuona uso wa mama ukigeuka, na nikaona heri uso wa Patrice ugeuke, kwa kuwa ulikuwa mbali, upande wa pili wa simu. Watu wa ushirika wananiita jasiri kwa jinsi nilivyousafirisha mwili wako. Naitikia amina.

Mwezi uliopita ndugu walikubaliana kulijengea kaburi lako. Baba mdogo aliuliza kwenye kundi la familia maneno ya kuchonga kwenye jiwe, na kwa kuwa mimi ndiye msomi, nikaachiwa niandike. Nilikaa nayo siku tisa. Kisha nikaandika jina lako, mwana wa nani, ndugu wa nani, na mstari wa mwisho nikaandika: mume wa Patrice. Chini yake nikawaeleza ndugu kwamba ndoa ilikuwa halali, shahidi nilikuwa mimi, na kwamba niliulizwa mara tatu nikanyamaza. Nikatuma mchana kweupe, ndugu wote arobaini wakiwemo.

Binamu mmoja akaniondoa kwenye kundi. Jioni mama akapiga. Nilijiandaa kwa kilio, kwa maandiko, kwa laana. Mama alikuwa mtulivu, akaniuliza kama nimekula, kisha akasema, "Esta, ungengoja nife kwanza."

Natafuta bado jibu la kumpa mama. Nimelitafuta chuoni, nimelitafuta kanisani, nimelitafuta kwenye foleni ya duka. Hapokei simu zangu tangu siku hiyo. Wanasema hatoki sana, na jirani wa kanisa aliyekuwa akimletea maziwa ameacha kuja. Nilichelewa kwako, na kwake nikawahi mno, na wote wawili nimewaumiza. Laiti ningesema pale mazishini, tungeumia pamoja tukiwa tumekaa mstari mmoja.

Patrice yu mzima. Amekonda, anashona, ana wateja wengi wa sare za shule. Hazungumzi nami sana, ila ananiita dada bado, na mimi siku hizi namwita shemeji, hata barabarani, hata watu wa ushirika wakiwa karibu. Ananiitikia kwa adabu. Hajawahi kutabasamu.

Jiwe limeshawekwa. Shangazi amenitumia picha kwa siri. Lina jina lako, jina la baba, na neno kapera, ambalo hawakulazimika kuliandika. Patrice ameniomba kuliona. Kesho nampelekea, jinsi lilivyo.

Lala, mdogo wangu.

Dada yako,
Esta