Wimbo wa Langoni

New York, 13 Machi 1927

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na dada Brayne na watoto wake. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha, nakula vizuri. Sijui hali yako. Lile goti linalokusumbua wakati wa theluji, mwaka huu limekufanyaje?

Baada ya salamu, nina habari njema. Nimepata kazi ya kutunga muziki wa jukwaani, kwenye ukumbi mmoja wa Barabara ya Pili. Wachezaji ni Wayahudi, watazamaji ni Wayahudi, na maneno yote ni kwa lugha yetu ya nyumbani. Mkurugenzi ni mtu wa Lublin, anaitwa Glantz. Nyimbo zote kumi na mbili ni zangu, na anayesimama mbele ya bendi ni mimi. Mchezo unahusu Mfalme Sauli na uchungu wake. Ni muziki mzito, Baba, wa kumvua mtu kofia.

Waambie watu wa Podhorka kwamba sijapotea.

Mwanao,
Anshel


Podhorka, 2 Mei 1927

Mwanangu Anshel, uishi miaka mia na ishirini,

Sisi hatujambo, Mungu ashukuriwe. Goti bado ni lile lile, lakini linanibeba. Brayne anakusalimu na analalamika kwamba huandiki.

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea Brayne, kisha nikaibeba hadi bafu la mji, upande wa wanaume, na kuwasomea wakiwa uchi, maana mtu aliye uchi hana pa kukimbilia. Wamefurahi. Ila tangu lini Myahudi akavua kofia? Ndiyo Amerika hiyo. Mzee Yoyne, mtunza sinagogi, ameniuliza mara tatu kama kwenye mchezo wako Daudi anapiga kinubi au fidla. Nimemjibu fidla. Usiniangushe.

Mimi baba yako ni mpiga fidla wa arusi tu, nota sizijui, lakini nina swali. Hizo nyimbo kumi na mbili unazitoa wapi? Wiki iliyopita nilisimama tena kwenye lango la makaburi. Binti wa marehemu mfinyanzi alikuwa anaolewa, akaingia kaburini kwa mama yake kumwalika arusini, kama yatima wetu wote wanavyofanya. Alipotoka nikampigia ule wimbo niliomtungia dada yako siku alipokwenda kumwalika mama yenu. Ni miaka kumi na mmoja sasa, na kila bibi arusi yatima wa mji huu ametembea kutoka kaburini hadi chini ya kitambaa cha ndoa kwa wimbo ule. Zamani wewe ulikuwa nyuma yangu na fidla ya pili. Safari hii niligeuka kukutazama, nikamkuta mbuzi wa Yoyne.

Baba yako,
Kalmen


New York, 9 Julai 1927

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, natumaini nanyi hamjambo. Huku joto limezidi, watu wanalala kwenye ngazi za nje.

Mchezo unaendelea vizuri, ukumbi unajaa. Nyimbo zinatoka huku na huku, Baba, ni vigumu kueleza kwa barua. Nimekutumia nyuzi nne za fidla, nzuri kuliko za mjini Lemberg. Kazi ni nyingi, nisamehe kwa ufupi.

Mwanao,
Anshel


Podhorka, 16 Novemba 1927

Anshel,

Mimi ni mzima. Natumaini nawe ni mzima.

Fayvl, mkwe wa mwokaji mikate, amekuja kututembelea kutoka huko kwenu. Amekuja na gramafoni na santuri sita, akaiweka kwenye kilabu cha Tsirl, na mji mzima ukahamia huko. Santuri moja ina jina lako, limeandikwa kwa herufi zetu. Mzee Yoyne alinishika mkono akanivuta, “Kalmen, njoo umsikie Sauli wako.” Nikaenda nimevaa koti la Sabato.

Nikamsikia. Kuna mama mkwe anamfukuza bata bukini aliyemeza pete yake. Wimbo unasema anaanguka topeni, anainuka, anaanguka tena, na kila akianguka watu wa ukumbini wanalia kama bata bukini. Na muziki wake ni wimbo wa langoni. Umeukimbiza mbio kama mwizi wa kuku, lakini ni ule ule. Hakuna aliyeutambua siku ile isipokuwa mimi na Brayne. Watu walinipongeza, wakanimiminia pombe. Nilikunywa. Ningefanya nini?

Sikukuandikia. Nilisema upepo utapita.

Jana Jumanne aliolewa Pesi, binti wa marehemu Hodes muuza chumvi. Aliingia makaburini, akakaa sana, akatoka uso umevimba. Nikaanza kupiga. Nilipofika kwenye ule mzunguko wa pili unaopanda, nyuma yangu mtu akalia kama bata bukini. Sidhani kama alikusudia. Alikuwa amelewa kidogo na mdomo ulimtangulia. Kisha mwingine. Kisha nikasikia wanawake wanazuia kicheko kwa vitambaa vyao, na Pesi akasimama katikati ya njia akitutazama mmoja mmoja kuuliza amefanya nini.

Niliendelea kupiga hadi mwisho kwa sababu sikujua la kufanya.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Yuko wapi Mfalme Sauli?

Baba yako,
Kalmen


New York, 18 Desemba 1927

Baba,

Nakusalimu kwa heshima zote. Sina haki ya kuuliza afya yako, lakini nauliza.

Hakuna Mfalme Sauli. Hajawahi kuwepo. Tangu siku ya kwanza ulikuwa mchezo wa mama mkwe na bata bukini, na niliona aibu kukuandikia hivyo, nikaandika vingine.

Nikuambie ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Zilibaki siku nane tufungue, na wimbo wa bata ulikuwa umelala. Nilikuwa nimetunga tatu, Glantz akazitupa zote. Akaniambia, “Wewe si mtoto wa mpiga fidla? Nipe kitu cha kwetu, chenye machozi ndani.” Nilikuwa nimechoka, na nilitaka anisifu. Nikakaa kwenye piano nikaupiga ule wimbo, polepole, kama wewe. Hata Lampert, mchekeshaji wetu mkuu, alijifuta macho kwa mkono wa shati. Glantz akasema, “Ndiyo huo. Sasa uendeshe mbio.”

Na mimi nikauendesha. Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni, nikalimeza, kwa sababu wote walikuwa wananitazama kwa kupenda.

Jana baada ya kusoma barua yako nilikwenda kuwaomba wauondoe, nikawaeleza nilivyokudanganya kuhusu Sauli. Lampert alicheka, akasema watu wanakuja kwa ajili ya bata, na huyo Sauli wako nani atamlipia tiketi. Kwa hiyo kila onyesho nasimama mbele ya bendi, ukumbi uko mgongoni kwangu, nawasikia wanalia kama bata. Nashukuru kwamba hawauoni uso wangu.

Umwambie Pesi nini, sijui. Mama nimwambie nini, sijui.

Mwanao,
Anshel


Podhorka, 27 Februari 1928

Anshel,

Tu wazima. Brayne amejifungua mtoto wa kike, amempa jina la mama yenu. Nimekuambia kwa sababu ni haki yako kujua.

Unasema unashukuru watu wanakuona mgongo. Mimi pale langoni sina mgongo wa kuonyesha. Natazamana na bibi arusi.

Wewe ni mwizi, na si mwizi wa barabarani, maana huyo huiba vya watu asiowajua. Nimeshasema, sitalirudia.

Sasa sikiliza. Tangu Novemba ninajaribu kutunga mwingine. Nakaa na fidla asubuhi hadi Brayne ananiletea chai, na kila ninapoanza, yule bata wako anaingia. Nikienda kushoto yupo, nikienda kulia yupo. Nina miaka sitini na nane, Anshel. Nadhani nilikuwa na wimbo mmoja tu, na ndio huo ulioutumia.

Mwezi wa Eluli, joto likianza kupungua, ataolewa Rivtshe, yatima wa baba na mama, na nimemkubalia kupiga kabla sijajua kama nina cha kupiga. Nikikosa itabidi atoke makaburini kimya, na hapa kwetu hilo halijatokea kwa yatima yeyote tangu aolewe dada yako. Wewe umekuwa mtunzi. Basi tunga. Utunge wa msichana ambaye hajui kama wamesikia alipowaita. Uandike kwa nota, yule mpiga klarineti wangu, Getsl, atanisomea. Usiweke jina lako, na huko usipigwe kamwe.

Sikuombi. Nakuagiza.

Baba yako,
Kalmen


New York, 24 Juni 1928

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa Brayne, na kwa Sheyndl mdogo ambaye sijamwona. Afya yangu ni nzuri.

Miezi minne imepita, najua. Nyumbani sina piano, hivyo ninakwenda ukumbini asubuhi kabla wafagiaji hawajamaliza. Nimetunga na kutupa nyimbo nyingi, sikuzihesabu. Zote zilikuwa zinangoja kupigiwa makofi. Sikujua kwamba nimeshaharibika hivyo. Wiki iliyopita nilijaribu kukumbuka sauti ya Mama akiniita ndani nile, nikashindwa. Niliikumbuka sauti ya Brayne akimwiga Mama, lakini ya Mama mwenyewe imenitoka. Nikalia kama mpumbavu mbele ya wafagiaji, kisha nikaandika wimbo huu uliomo ndani ya bahasha.

Mwambie Getsl asikimbilie mstari wa tatu. Kama haufai, uchome.

Mwanao,
Anshel


New York, 2 Septemba 1928

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sijapata jibu lako, na sijui kama wimbo ulifika au umeshakuwa majivu. Ninaandika kwa sababu nimefanya jambo ambalo lazima ulisikie kwangu, si kwa Fayvl.

Alhamisi asubuhi niliupiga tena ule wimbo niliokutumia. Nilidhani niko peke yangu. Glantz alikuwa amekaa viti vya nyuma anakula tufaha. Akaja mbele, tufaha bado mkononi. Kisha akasema mchezo wa msimu mpya una yatima kwenye sehemu ya tatu, na wimbo ni huo, polepole hivyo hivyo, bila bata, bila mzaha, na jina langu liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Baba, hicho ndicho nilichokuja kukitafuta Amerika.

Akaniuliza, “Ni wako, sivyo?”

Nikamwambia si wangu. Ni wa baba yangu, mpiga fidla wa Podhorka, yuko hai, na hautoi kwa mtu. Akaniambia basi nitafute mwingine mzuri kama huo au nitafute ukumbi mwingine. Nimetafuta ukumbi mwingine, bado sijaupata.

Nimekusingizia wimbo, na jina lako nimelitumia bila ruhusa kwa mara ya pili. Lakini kusema ni wangu nisingeweza, mdomo ulikataa. Nisamehe. Nasikia aibu hata kukuomba.

Mwanao,
Anshel


Podhorka, 5 Septemba 1928

Mwanangu Anshel, uishi miaka mia na ishirini,

Sisi tu wazima. Tangu wimbo wako ufike sijapata barua nyingine kwako, na mimi ndiye niliyekuwa kimya, nilikuwa najifunza. Getsl alinisomea mstari kwa mstari hadi vidole vikaujua. Sikutaka kukusifu kabla ya siku yenyewe.

Jana Rivtshe aliolewa. Alitoka makaburini mikono imelegea, nikaanza. Hakuna aliyelia kama bata. Kwenye mstari wa tatu yule binti alisimama, akageuka akatazama nyuma langoni, na njia nzima ikasimama naye. Tsirl wa kilabu alilia. Getsl alilia ndani ya klarineti, ikatoa sauti mbaya. Na mimi nililia, ambaye nimepiga kwenye arusi mia nne na sijawahi kulowesha fidla.

Kisha Mzee Yoyne akaja, akanishika mashavu kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Akaniuliza, “Kalmen, huu umeutoa wapi?”

Nikasema nimeutoa kichwani mwangu.

Nilitaka kusema ni wa mwanangu. Nakuapia nilitaka. Lakini wote walikuwa wananitazama, na kwa karibu mwaka hakuna aliyenitazama hivyo. Wakanywa kwa jina langu. Nikanywa nao. Getsl, ambaye nota alizisoma yeye, akainama kufuta klarineti. Brayne aliniangalia kutoka upande wa wanawake, akainamisha kichwa, kwa sababu barua zako yeye ndiye anayenisaidia kuzisoma siku hizi, macho yamepungua.

Nimekuita mwizi, nikaona nimemaliza. Nyani haoni kundule. Na wewe uliiba mbali, ng'ambo ya bahari. Mimi nimeiba kwenye lango lenyewe, mama yako yuko hatua ishirini ndani.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Yoyne kumwambia ukweli. Nilifika mlangoni, nikamsikia ndani anauimba wimbo huku anapasua kuni, nikarudi nyumbani.

Mwezi huu wa Eluli ndio wa kuombana radhi, baba kwa mtoto pia. Nakuomba. Ukitaka wote wajue, niandikie hivyo, barua nitaisoma bafuni kwa sauti kama ile ya kwanza. Ukitaka kunitukana, nitukane, una haki. Ila andika upesi, usinyamaze kama mimi. Kila siku nitakwenda posta.

Baba yako,
Kalmen