Banya ya Tikhon na Fleti ya Ghorofa ya Tatu

Jumapili, 24 Novemba 1974

Tumepata! Jina letu limebandikwa pale dukani — fleti, jengo namba tisa, ghorofa ya tatu. Mimi Faina, mpiga plasta, ambaye miaka minane nalala kwenye behewa la bati, na ndoo ya maji inaganda kando ya kitanda! Kuta za jengo lile nimezipiga plasta kwa mikono hii. Nilikuwa nazipapasa na kujiambia, hizi ni za wengine, Faina, usizizoee.

Sharti moja. Behewa livunjwe, na banya pia — kile kibanda cha magogo alichojenga mume wangu Tikhon nyuma ya behewa, watu waoge kwa mvuke. Kiwanja kinachukuliwa. Panajengwa Jumba la Utamaduni.

Nilipomwambia Tikhon aliweka kijiko chini. Supu haikuisha. Tikhon kuacha supu! Nikajua kazi ninayo.

Jumanne, 26 Novemba

Ndugu Balashov wa kamati ya nyumba kaja na futi kamba. Mtu mdogo, sauti kubwa. Akaipima banya kama anayempimia mtu sanda.

Tikhon akaanza hotuba yake. Kwamba banya hii ni kongwe kuliko mji. Kwamba tuliposhushwa na tishari palikuwa na mto, kinamasi na mbu, na pakaitwa Sukhoi Mys, yaani Rasi Kavu, kwa kejeli tu. Kwamba banya ilitangulia shule, kiwanda cha mikate na polisi. Mafuta yaliporuka kutoka ardhini mara ya kwanza, kikosi kizima cha wachimbaji kiliogea humo. Waliingia weusi tii, wakatoka, na wake zao ndipo wakajua yupi ni yupi. Mtoto wa kwanza wa mji kazaliwa humo pia, kwenye benchi la juu.

"Ndugu yangu, mji unakua," Balashov akasema.

"Si ukue upande ule!" Tikhon akaonyesha kinamasini.

Alhamisi ya wiki ijayo wageni wa mkoa wanakuja kututangaza rasmi kuwa mji. Balashov hataki kuona moshi wowote kiwanjani siku hiyo. Nikaitikia kwa nguvu: sawa, Ndugu! Tikhon hajaniongelesha tangu hapo. Anyamaze. Mimi nataka bomba lenye maji ya moto.

Jumamosi, 30 Novemba

Siku ya banya. Kikosi cha Tikhon cha kuchimba mafuta kimekuja, kama kila Jumamosi. Ila leo hawakuimba — wananong'ona. Nilipopeleka chai, Rinat, msimamizi wao, Mtatari ambaye mabega yake hayapiti mlangoni, alikuwa anasema: mtambo wa kuchimbia na mnara wake tunauburuta mzima kinamasini kila msimu wa baridi, kibanda cha kuogea kitushinde? Wakaniona. Wote wakaanza kusifu chai.

Sikuuliza. Sikutaka kujua.

Jumatatu, 2 Desemba

Ufunguo! Ninao! Tikhon kavunja behewa mwenyewe, huku anapiga mluzi. Banya ataiondoa Alhamisi, kamwahidi Balashov, kabla ya wageni. Kasema ataiondoa. Hakusema ataivunja. Nilisikia vizuri, nikajitia kiziwi.

Tukaazima paka wa jirani aingie kwanza kwenye fleti, kama desturi ya kuleta heri. Akagoma kizingitini! Mama mkwe, Mama Yevlampia, akamsukuma kwa mguu: "Ingia, mpumbavu wewe, kuna joto!" Kisha nikafungua bomba. Maji ya moto. Niliweka mikono hapo nikalia kama mtoto mdogo.

"Acha kulia, mwanangu," Mama mkwe akasema. "Maji yanatosha."

Alhamisi, 5 Desemba

Aibu! Aibu tupu!

Wameing'oa banya nzima. Wakaiweka juu ya magogo mawili ya kuteleza, katapila la kazini mbele, Rinat anaelekeza kwa mikono miwili. Inahamia uani, jengo namba tisa — chini ya dirisha langu! Ilikuwa ipite asubuhi, kabla ya sherehe. Katapila likazimika Mtaa wa Wachimbaji, katikati kabisa, mbele ya jukwaa la vitambaa vyekundu. Bendi inapiga. Wageni wanashuka kwenye magari. Na banya inafuka moshi!

Moshi wa nini? Mama mkwe yuko ndani. Kasema leo ni siku yake ya kuoga, hawezi kuiahirisha kwa ajili ya mji.

Mgeni mkubwa akauliza hicho ni kitu gani. Balashov akasema ni... makumbusho, Ndugu. Makumbusho ya kuhamahama. Hapohapo mlango ukafunguka, Mama mkwe huyo, kajifunga shuka, uso umemwiva: "Nani kawaambia msimame? Vuteni, nyie! Maji yanapoa!"

Mgeni mkubwa alicheka mpaka akashika nguzo. Balashov hakucheka. Baada ya sherehe, banya ikiwa imeshaburutwa hadi uani, kaja kugonga kwetu. Ama banya iwe kuni ifikapo Jumamosi mchana, ama ufunguo uwe mezani kwake. Anayefuata kwenye foleni ameshafunga mizigo. Na yeye Balashov anakaa jengo hilihili, upande wa ngazi ya pili, kila asubuhi ataiona!

Tikhon kasema basi, turudi kwenye behewa. Behewa lipi, Tikhon? Si ulilivunja ukipiga mluzi? Siku zote nampenda, lakini leo namchukia.

Ijumaa, 6 Desemba

Nilichukua shoka. Naandika bila kuficha: Tikhon yuko kazini, nikashuka kuivunja mwenyewe. Baridi nyuzi hamsini chini ya sifuri, pua inawaka. Nimefika chini tu — mlipuko! Bomba kubwa linaloleta maji ya moto na joto kwenye majengo ya mtaa limepasuka. Kabla ya mchana jengo zima limepoa, na maji kwenye bomba langu yamekatika. Bomba langu!

Watu wakamwagika uani na watoto na mablanketi. Wakanikuta na shoka mlangoni pa banya.

"Faina, mama, Mungu akuweke! Umekuja kutuchanjia kuni!"

Nikachanja. Nimechanja hadi mabega yamekufa ganzi.

Familia zinaingia kwa zamu. Mama mkwe yuko mlangoni anaamua nani aingie, nani asubiri, nani kakaa mno. Kuni tumezipandisha jikoni kwangu zisiibiwe.

Jumamosi, 7 Desemba

Mafundi bado wanachimba. Naandika dirishani na glavu, nimekalia rundo la kuni.

Mchana Balashov kafika, barafu kwenye masharubu, midomo ya buluu. Tikhon kasimama mlangoni pa banya, mikono kifuani. "Kwa mujibu wa uamuzi wa kamati..." Balashov akaanza. Meno yakagongana, uamuzi haukutoka.

"Vua koti kwanza, mwanangu," Mama mkwe kasema. "Maneno baadaye."

Kavua! Kaingia! Nasikia Mama mkwe anamchapa kwa matawi kama ilivyo kawaida ya kuoga banya, naye mara anaguna, mara anasema ongeza.

Sasa katoka mbio, uchi, kajigaragaza kwenye theluji. Kainuka. Anatazama juu, kwangu!

"Faina Petrovna! Moto unazimika! Shusha kuni!"

Nimefungua dirisha kidogo. "Na ufunguo, Ndugu Balashov?"

"Ufunguo gani? Kuni, mama, kuni!"

"Ufunguo kwanza. Sema unabaki kwangu, na banya inabaki uani."

Jengo zima liko madirishani. Tikhon katoa kichwa mlangoni, ananitazama kama siku aliyonioa. Gogo la kuni liko kwapani mwangu, penseli mkononi. Balashov kajisitiri kwa beseni la bati, mvuke unamtoka mabegani.

Anafikiri.

Mvuke unapungua.