Mtembeaji Bora wa Utafiti Wetu

Tarehe 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Lengo la barua hii ni kukuomba ujiunge na utafiti ninaoufanyia kazi. Kwa kuwa simu umeizima tangu utoke hospitali, nimemtuma Baba akukabidhi bahasha hii mkononi. Shikamoo. Natumaini kidonda cha upasuaji kimefunga vyema, na kwamba dawa za dripu hazikutesi kama mwezi uliopita.

Kama ujuavyo, baada ya kuhitimu niliajiriwa kwa majaribio katika kitengo kinachochunguza iwapo mazoezi na mwenendo wa maisha huwapunguzia wagonjwa wa saratani uchovu wakati wa matibabu. Washiriki hutembea kila siku kwa kiasi anachoruhusu daktari, wakiwa wamevaa kifaa kidogo mfano wa saa, ambacho hurekodi hatua zao. Ili nisidhaniwe kukupendelea, takwimu zako zitapokelewa na mwenzangu. Ushiriki ni wa hiari, na waweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.

Ombi hili, hata hivyo, si la kitaaluma pekee. Nasikia hujavuka kizingiti tangu urudi. Hilo linaninyima usingizi.

Wako mtiifu,
Mwanao

Tarehe 9 Machi

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Umeniamkia katikati ya barua, kama mgeni aliyekwisha kukaa kitini ndipo akakumbuka kupiga hodi. Nimepokea hivyo hivyo. Wewe hujambo? Unakula, au unakula vitabu tu?

Mimi sijambo, ila ni sijambo ya mtu aliyekatwa titi moja na kunyolewa na dawa. Chakula kina ladha ya msumari. Humu ndani nimegeuzwa yai. Nikiinama kuokota sindano, baba yako anapaza sauti utadhani nimebeba gunia: "Dada, lala!" Basi nalala, mpaka godoro lenyewe limenichoka.

Eti ushiriki ni wa hiari! Hivyo ndivyo unavyosema na mtu aliyekuogesha? Nimekubali. Kazi yenyewe ni ya majaribio, sitaki wakubwa zako waseme umewaletea shangazi goigoi. Nesi wenu alikuja jana, nikatia sahihi, akanifunga hicho kidude kwenye kifundo cha mguu, maana mkono mmoja umevimba na mwingine ndio wa sindano.

Shangazi yako,
fundi cherehani asiye na wateja

Tarehe 20 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Katika kikao cha leo, mkuu wa kitengo alituonyesha ukutani michoro ya washiriki wote, kila mmoja kwa namba yake. Mstari mmoja ulipanda juu ya mingine yote, hata katika siku za dripu. Mwenzangu akaninong'oneza, "Huyo ni mtu wako. Ana miguu ya tarishi!"

Mkuu ameniteua kuuwasilisha mchoro huo mbele ya wageni wa kitengo mwezi ujao. Nikifaulu, huenda nikathibitishwa kazini. Naomba unieleze: unapita njia ipi? Uchovu umepungua? Majirani wanasemaje?

Mwanao mwenye fahari

Tarehe 25 Aprili

Profesa,

Marahaba. Napita hapa hapa. Nguvu zipo. Majirani ni wazima. Na wewe uache kuhoji watu kama polisi.

Shangazi

Tarehe 13 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Jana Baba alinitembelea, akakusifu kwa utulivu wako. Kwa maneno yake mwenyewe, "Dada amekuwa msikivu kweli, hata barazani hajakanyaga."

Kwa hiyo ninao mashahidi wawili wanaopingana, kifaa na Baba, na Baba nimemjua tangu nizaliwe: hajui kudanganya. Uwasilishaji ni wiki ijayo. Tafadhali nieleze.

Mwanao

Tarehe 15 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mguu wangu umetembea sana. Mwenyewe sijatoka.

Kulala kulinishinda, nikaanza kushona baba yako akiwa kazini. Ile cherehani ya kukanyaga, unaijua. Nesi alipokuja kukagua kidude akapiga makofi: "Mama, wewe ni mwanariadha!" Nikaelewa ni pedali inayohesabiwa. Ningemkatiza? Nikaona mtoto wangu atapanda cheo kwa mguu wangu, nikazidi kukanyaga.

Mlangoni nimefika mara nyingi, mtandio kichwani, viatu miguuni. Lakini siku niliyotoka hospitali niliona: watu wa mtaa huu sasa hukisalimia kifua changu kabla ya kunisalimia mimi. Nikavua viatu.

Futa namba yangu. Usisimame mbele za watu na mstari wa pedali.

Shangazi yako

Tarehe 19 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimemweleza mkuu wa kitengo. Akauondoa mchoro. Sitawasilisha chochote, na suala la kuthibitishwa limeahirishwa. Nilipogeuka kuondoka, akauliza, "Na yeye mwenyewe anaendeleaje?" Nilikuwa na majedwali sita mkononi, Shangazi, na hakuna hata moja lililosema hilo.

Nimeomba ruhusa ya siku chache. Daktari wako ameridhia mwendo wa polepole hadi duka la dawa na kurudi. Nitashika upande wako ule uliopasuliwa, macho ya watu yakutane na mimi kwanza. Napendekeza Jumamosi, saa kumi na mbili alfajiri, mtaa ukiwa bado mtupu. Lakini usipotaka, tutakaa ndani, nami nitakushikia kitambaa ukishona. Nakuja kwa vyovyote.

Mwanao

Tarehe 21 Mei

Mwanangu,

Umenikumbatia kwa maneno hadi nimelia, baba yako akadhani ni homa, akaniletea blanketi la tatu.

Nimekusoma vizuri. Lakini alfajiri hutoka wenye kitu cha kuficha. Nikitoka gizani safari hii, nitatoka gizani siku zote. Wacha wanisalimie wanavyojua, nitaitikia mimi, si kifua. Unishike mkono tu, kwa nguvu, maana nitataka kurudi tukifika kwa kinyozi, wanakojaa watu wa mtaa, na usinikubalie.

Njoo Jumamosi, saa nne asubuhi, maduka yote yakiwa wazi.

Shangazi yako