Chumvi ya Nyota Inayozeeka

Kaptembwo, Nakuru

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Magoti yanaendeleaje na hiyo baridi ya Mau Narok? Viazi vimetoka vizuri? Mimi ni mzima, ila nina hamu nawe sana. Tangu masikio yako yakatae simu, hakuna anayeniuliza kama nimekula.

Uliwahi kuniuliza nafanya kazi gani chuoni, nami nikakujibu kwa haraka kwamba nasoma nyota. Leo acha nikueleze polepole. Nyota nazo huzeeka. Ikikaribia mwisho wake, nyota hufura na kupumua gesi yake nje kidogo kidogo. Gesi hiyo ikifika mbali na joto hupoa, chembe zikashikana, nyingine zikawa vumbi laini kama masizi ya jikoni kwako. Vumbi hilo husafiri, na baadaye huingia katika nyota changa, hata katika udongo kama huo unaolima. Hatulioni kwa macho. Tunasoma mawimbi yaliyonaswa na darubini za ng'ambo, maana kila molekuli, yaani kila aina ya chembe ndogo, huacha alama yake katika mawimbi hayo.

Mwezi uliopita, kwenye nyota moja ya aina hiyo, niliona alama ya chumvi. Chumvi hii hii ya kupikia, Mama! Mwalimu wangu, Daktari Makhanu, alisema imewahi kuonekana kwingine, lakini kwenye nyota hii mimi ndiye wa kwanza. Wenzangu walinipigia makofi. Nilitoka nje nikalia, kwa sababu wewe ndiye niliyetaka kumwambia.

Kwa ajili ya kazi hiyo nimeitwa Uswidi kusoma, miaka minne. Nimekubali. Naondoka Agosti.

Sasa lile lililonishikisha kalamu. Wiki iliyopita nilikuja nyumbani kukuambia. Nilifika langoni nikakuona shambani, peke yako, ukiita, "Jelagat! Jelagat, njoo!" Niliitika. Hukusikia. Ndipo ndama akakujia mbio, nikaelewa kwamba umempa jina langu. Mama, nilishindwa kufungua lango. Niligeuka nikarudi Nakuru.

Jumamosi nakuja tena, na nitaingia. Usihangaike kutafuta maneno. Ukinishika mkono, nitajua umeniruhusu.

Barua hii nampa Muiruri wa lori la viazi, mpe chai. Nisalimie Shangazi Jepkorir na wote wa kanisani. Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi mtoto wako,
Jelagat