Sura ya Saba Niliyoiruka

Yangzhou, 3 Machi 1935

Kwako Shangazi Ailan,

Shikamoo. Habari za huko Vermont, na baridi imekuachia? Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya Bibi, yanayolalamika kila mvua ikikaribia.

Mimi ni Suyun, mjukuu wa Mama Bian aliyekulea ulipokuwa mtoto hapa Yangzhou. Bibi husema wewe na baba mlinyonya ziwa moja, kwa hiyo wewe ni shangazi yangu, hata kama majirani wanacheka kwamba shangazi gani ana pua ndefu hivyo. Nina miaka kumi na sita. Katika shule ya misheni tunasoma Kichina asubuhi na Kiingereza mchana, na kwa lugha zote mbili siwezi kuzungumza mbele za watu. Ndiyo maana naandika.

Riwaya yako imefika. Kila alasiri namsomea Bibi, nikigeuza Kiingereza chako kuwa maneno ya uani. Majirani huja na vigoda vyao. “Soma kwa sauti, wewe, au unamsomea mbu?” hunikaripia Mama Qiu, muuza tofu ya soya. Tulipofika pale wake wa ndugu wawili wanaponuniana kwa kugongesha vifuniko vya sufuria, alijipiga paja. “Huyu Mmarekani alikuwa chini ya kitanda changu?” Shangazi, sijui uliwezaje. Mimi nimezaliwa humu, na vifuniko vile sikuwahi kuvisikia mpaka niliposoma kitabu chako.

Bibi hajui kusoma, lakini kitabu ameshakifanya chake. Ameweka humo vigezo vya viatu vyetu, vile vikaratasi vilivyokatwa kwa umbo la nyayo, kama wanawake wote wa hapa wanavyofanya kitabu kikiingia nyumbani. Tunapoishia kila siku, anatia unyayo wa mtu mmoja.

Sasa naungama. Sura ya saba sikuisoma. Niliruka nikaenda ya nane, uso ukiniwaka. Ni pale yule mama, mwaka wa mafuriko, anapomtoa binti yake mchanga kwa watu wa mashua ili asife njaa. Mama yule ana kovu la Bibi kidevuni. Anasema kama Bibi. Na baba hajawahi kutuambia kwamba alikuwa na dada.

Tafadhali niambie: umebuni, au alikusimulia?

Mwanao,
Suyun

*

Vermont, 19 Aprili 1935

Mwanangu Suyun,

Marahaba. Mimi mzima, ila theluji ya huku haijui kuaga. Magoti ya Bibi nayapa pole.

Sikubuni. Nilikuwa na miaka tisa; yeye alikuwa anashona soli, mimi nimemshikia uzi. Alinisimulia yote bila kuinua macho, kisha akasema, “Nimekwambia kwa sababu wewe si wa hapa. Kukwambia wewe ni kama kuuambia ukuta.” Basi ukuta ukakua, ukaandika kitabu. Nilijidanganya kwamba kubadili jina lake kunatosha. Ruhusa sikumwomba.

Akikuuliza, usimfiche. Msomee mkiwa wawili tu. Akiona nimemvunjia heshima, nitamwambia mchapaji aiondoe sura ile, kitabu kibaki na pengo lake.

Shangazi yako,
Ailan

*

Yangzhou, 8 Juni 1935

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima, na joto limeshaanza kutukaanga.

Kabla barua yako haijafika, Bibi alikuwa ameshanikamata. Alifungua kitabu kwenye unyayo wa baba, akafungua kwenye wangu, akaupima kwa kidole unene wa kurasa za katikati. “Siku ile ulisoma kwa muda wa kuchemsha chai. Hizi ni kurasa za kuchemsha kwato za nguruwe. Umenilia ngapi?”

Nililia tu. Akasema atangoja.

Barua yako ilipokuja nilifunga mlango, nikamsomea yote. Sikuruka hata nukta. Yeye akaendelea kushona. Nilipomaliza akasema, “Amekosea.”

Nikakishusha kitabu.

“Nguo nyekundu? Nani alikuwa na nyekundu mwaka ule? Ilikuwa ya buluu, niliikata kwenye aproni yangu. Na mtoto hakulia. Alikuwa anacheka, mjinga yule, amemshika sikio mwanamke wa mashua. Na mbona hana jina?”

“Labda Shangazi hakulijua.”

“Sikumwambia. Ningelitamka, soli ile nisingeimaliza. Anaitwa Lianzi. Andika.”

Kisha akaniambia jambo usilolijua hata wewe. Alianza kazi kwenu wiki ileile aliyomtoa mtoto. Baba alikuwa ameshaachishwa zamani. Ziwa ulilonyonya, Shangazi, lilikuwa la Lianzi.

Nikamwuliza kama anataka sura iondolewe. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. “Iondolewe? Kuna mahali pengine alipo?”

Anataka vitu vitatu viandikwe: jina, nguo ya buluu, na mashua ya wafuga bata wa ziwa la Gaoyou. Anasema huenda atasoma mtu anayejua aliko.

Mwanao,
Suyun

*

Vermont, 25 Julai 1935

Mwanangu,

Natumaini mko salama. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikairudia tena. Miaka yote hii nasifiwa kwamba naijua nchi yenu, kumbe hata nilichonyonya sikukijua.

Mchapaji amekubali. Wachapaji wa Shanghai pia wanatoa kitabu kwa Kichina, nami nimewaambia sura ya saba itafsiriwe na wewe, si mwingine. Najua utaona haya. Ona haya, lakini andika.

Mwambie mama yangu kwamba nimemwita hivyo.

Shangazi yako,
Ailan

*

Yangzhou, 17 Januari 1936

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bibi anakohoa, ila chakula hakimshindi.

Kitabu cha Kichina kilifika jana. Bibi alinawa mikono, akaikausha vizuri. Nikakiweka kidole chake juu ya jina la Lianzi.

“Ni herufi mbili tu?”

“Mbili tu, Bibi.”

Alizipapasa kama anayepapasa shavu. Uani palikuwa pamejaa watu. Akaniambia nisimame nisome, nami nikasimama. Nilisoma sura ya saba nzima, Shangazi, mbele za watu, na nilipolitamka jina Mama Qiu alilirudia, akajifuta macho kwa mkono wenye maji ya tofu.

Nilipomaliza, Bibi akauliza, “Wamechapa vingapi kama hiki?”

“Elfu kumi na moja.”

Alikichukua kitabu, akakipakata.

“Miaka arobaini na minne nimemwita peke yangu,” akasema. “Sasa tuko elfu kumi na moja.”

Mwanao,
Suyun