Kisahani chekundu cha kikapu cha saba

Jumapili, Agosti 2012, kambini

Kisahani changu chekundu cha plastiki kimepotea leo saa tisa mchana, tukicheza gofu ya visahani, tukirusha kwenye kikapu cha saba. Binti yangu aliandika "Baba" mgongoni mwa kisahani hicho wiki aliyohama nyumbani.

Nilirusha mimi. Juma, mume wa dada yangu, alisimama mbele kuangalia kinapoangukia, kama tunavyofanya siku zote.

"Kimezama bwawani, shemeji. Pole."

Bwawa liko kulia, hatua arobaini. Nimezihesabu. Visahani vyangu huenda kushoto miaka yote, na sikusikia maji.

Nikamwomba afungue begi lake. Akacheka: "Shemeji, umekuwa mtu wa forodha?" Hakulifungua.

Labda namwonea. Lakini kufungua begi tu, kuna ugumu gani?

Kesho saa mbili asubuhi, kabla hatujakunja hema kurudi Toronto, anijibu ndiyo au hapana: amekichukua?